Kamera Vifuani, Rekodi kwa IPOA: Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali, Waziri wa Usalama na Bunge

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Waziri wa Usalama wa Ndani, Mwenyekiti wa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA), na wajumbe wa kamati ya usalama katika Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba sheria. Kila askari anayekwenda doria, anayesimama barabarani kukagua magari, anayekamata mtu au anayetumwa kwenye maandamano, avae kamera kifuani, na kamera hiyo irekodi zamu yake yote. Nasema sheria kwa sababu agizo la afisi huondoka na aliyelitoa, na miradi ya majaribio tumeiona ikizinduliwa kwa utepe na kufa kabla utepe haujachakaa. Na ndani ya sheria hiyo naomba kifungu kimoja ambacho msipokiweka, heri msinunue hata kamera moja: rekodi zisibaki mikononi mwa polisi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisauni, Mombasa. Niliowafundisha, wengine wako kwenye boda boda, wengine bandarini, na wachache wamevaa sare ya polisi. Wakikutana barabarani usiku, asubuhi kila mmoja ana maelezo yake, nami huyasikia yote mawili. Wa boda atasema kanyang'anywa ufunguo na kupigwa makofi kwa kuwa hakutoa kitu kidogo, kisha akawekewa bangi mfukoni. Afande atasema alitukanwa, akasukumwa, na bangi ilikuwamo mfukoni tangu mwanzo. Wote ni wanafunzi wangu. Siwezi kuamua nani mkweli, na hakimu naye hana njia, ila yeye hana budi kuamua. Mara nyingi huishia kwenye kilichoandikwa katika OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na kitabu hicho kinaandikwa na upande mmoja.

Kwa miaka hii ya karibuni simu za wananchi ndizo zimekuwa kamera zetu. Tarehe 17 Juni 2025, Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa akiuza barakoa katikati ya Nairobi, alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu mno. Kamera za watu zilikuwapo, nchi nzima ikaona siku hiyohiyo. Alifariki mwisho wa mwezi, na askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kesi ni ya mahakama, siihukumu hapa. Lakini hakuna aliyethubutu kutuambia kwamba kijana yule alijipiga mwenyewe.

Watu waliokuwa barabarani siku hiyo walikuwa wakilalamikia kifo kingine, kilichotokea siku tisa nyuma. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kumhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akaingizwa kituo cha Central, na kufikia siku ya pili alikuwa maiti. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia: kichwani, shingoni palipobanwa, na sehemu nyingine za mwili. Kituo kile kilikuwa na CCTV. IPOA ilipokwenda kuitafuta rekodi, iliwaeleza maseneta kwamba mitambo ilikuwa imechezewa.

Waheshimiwa, yawekeni matukio haya mawili pamoja. Mahali penye kamera za watu, ukweli ulifika nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Mahali penye kamera za polisi peke yake, diski ndiyo iliyogeuka kuwa jambo la kuchunguzwa. Mtu anayewaletea hoja ya kamera za kifuani bila kuwaambia rekodi itakaa wapi, anawaletea nusu ya hoja, tena nusu isiyo na faida.

Najua wapo watakaosema simu zinatosha, kwani kila kijana anayo. Simu haiingii seli. Unanyang'anywa mezani pamoja na mshipi na kamba za viatu. Haiingii nyuma ya gari la polisi pia. Ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, Benson Njiru na Emmanuel Mutura, walikamatwa usiku wa tarehe 1 Agosti 2021 kwa kuvunja kafyu. Polisi wakasema waliruka kutoka garini likiwa mwendoni. Askari sita walishtakiwa kwa mauaji. Kama kila mmoja wao angekuwa na kamera kifuani usiku ule, na rekodi ikahifadhiwa pasipofikiwa na mkuu wao, sidhani kama tungekuwa tunabishana miaka yote hii juu ya mlango wa gari.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha, nalo ni usalama wa anayelalamika. Josephat Mwenda alikuwa mwendesha boda boda. Mwaka 2015 alipigwa risasi na askari, akafanya lile ambalo ninyi hutuambia tufanye: alikwenda IPOA. Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Hukumu ya mauaji ilitoka Julai 2022, na miongoni mwa waliopatikana na hatia ni askari yuleyule aliyelalamikiwa. Baada ya hapo mimi nitamwambia nini kijana wa boda anayeniuliza kama aende kushtaki? Kesi inayosimama juu ya neno la mlalamishi inamfanya mlalamishi kuwa kitu cha kuondolewa. Kesi inayosimama juu ya rekodi iliyokwisha kuhifadhiwa kwingine haina faida kwa mtu wa kuteka watu.

Sasa niseme ya upande wa pili, maana wataalamu wenu watayasema hata nikinyamaza. Kamera si dawa ya kila mahali. Katika mji mdogo wa Rialto, California, jaribio la mwaka 2012 hadi 2013 lilionyesha matumizi ya nguvu yakishuka zaidi ya nusu na malalamiko yakikaribia kwisha. Dunia ikashangilia. Mwaka 2017 jiji la Washington likatoa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa askari zaidi ya 2,000, na tofauti ya maana kati ya wenye kamera na wasio nazo haikuonekana. Minneapolis askari walikuwa na kamera Mei 2020, na George Floyd alikufa vilevile, huku taarifa ya kwanza ya polisi ikizungumzia tatizo la kiafya. Aliyeiondoa taarifa hiyo mezani ni msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama pale na simu yake.

Lakini tazameni São Paulo, Brazil, ambako polisi huua watu wengi na mitaa inafanana na yetu kuliko Rialto. Kuanzia 2021 vikosi vingi vya polisi wa jimbo hilo vilivalishwa kamera zinazorekodi zamu nzima, askari abonyeze kitufe asibonyeze. Watafiti wa Fundação Getulio Vargas walikuta vifo vinavyotokana na polisi vimepungua kwa zaidi ya nusu katika maeneo yenye kamera. Kisha akaja gavana mwingine mwaka 2023 asiyezipenda sana, vifo vikaanza kupanda tena. Ninachojifunza mimi hapo ni kwamba kifaa ni kilekile, lakini masharti yake na moyo wa anayekisimamia ndivyo vinavyotofautiana. Ndiyo maana nakataa agizo na nataka sheria.

Kuhusu kitufe, kuna kisa cha Baltimore ambacho nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, nao hucheka kisha hunyamaza. Januari 2017 askari mmoja aliweka dawa za kulevya ndani ya kopo uchochoroni, akatoka, akawasha kamera, akarudi "kutafuta", na kwa bahati njema akazipata. Hakujua kwamba kamera ile huhifadhi nusu dakika iliyotangulia kabla ya kuwashwa. Video ikamwonyesha akiweka mwenyewe. Alipatikana na hatia mwaka uliofuata. Mkitupa kamera ambayo askari huiwasha anapotaka, mtakuwa mmemnunulia askari mbaya kopo la aina hiyo, kwa pesa zetu. Irekodi zamu yote. Izimwe chooni, mapumzikoni na anapozungumza na mtoa habari wa siri, na kila inapozimwa saa yake iandikwe pamoja na sababu.

Rekodi ihifadhiwe na nani? Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Zamu inapokwisha, kamera ichomekwe kwenye chaja, na papo hapo nakala iende kwenye hifadhi inayosimamiwa na IPOA, ikiwa na alama ya kidijitali itakayoonyesha kama faili limeguswa na nani kalifungua. Polisi wabaki na nakala yao ya upelelezi, sina ugomvi na hilo, mradi isiwe ya pekee. Mtatwambia intaneti ya Mandera au Turkana haibebi video. Basi iwekwe mashine iliyotiwa lakiri kituoni na maafisa wa IPOA waje kuichukua. Wana afisi Garissa, Kisumu na hapa Mombasa. Na mwenyekiti wa IPOA, nakuomba wewe binafsi usikubali kazi hii bila fungu lake la bajeti. Tunajua mna wapelelezi wachache kuliko malalamishi, na rekodi isiyokuwa na mtu wa kuitazama ni kifusi tu.

Rekodi za kawaida, zisizo na malalamiko wala kukamatwa kwa mtu, zifutwe baada ya miezi mitatu. Palipo na risasi, jeraha, kifo au mashtaka, zikae mpaka kesi na rufaa ziishe. Anayelalamika, au familia ya aliyekufa, waonyeshwe ndani ya siku zilizotajwa katika sheria. Chicago, video ya gari la polisi iliyoonyesha kijana Laquan McDonald akipigwa risasi 16 ilifichwa kwa miezi 13, mpaka mahakama ilipoamuru itolewe Novemba 2015, na muda huo wote maelezo ya polisi ndiyo yaliyosimama. Ibara ya 35 ya Katiba yetu inatupa haki ya kupata habari. Lakini msipotaja siku, afisi zetu zinajua kuihesabu haki kwa miaka.

Na rekodi ikikosekana? Sisemi askari afungwe kwa sababu betri imekufa. Nasema raia anayeshtakiwa kwa neno la askari huyo peke yake aachiliwe, na askari ajieleze mbele ya wakuu wa nidhamu. Diski zitaacha kupotea siku zitakapokuwa hazimsaidii mtu.

Hapa nageukia jambo linalonikaa moyoni kama mtu wa pwani. Polisi wetu huingia majumbani usiku. Mitaa ya Majengo, Kisauni na Likoni inajua mlango unavyogongwa saa tisa. Ndani mna wanawake waliolala bila buibui wala hijabu, mna wazee, mna watoto uchi kwa joto la Februari. Kamera itawaona wote. Je, picha hiyo itazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya askari? Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini wasiwasi wa mama hautulizwi na namba ya ibara. Sheria yenu itamke wazi: nyuso za wasiohusika zifichwe kabla ya mtu yeyote kuonyeshwa, mhasiriwa wa ubakaji au kipigo cha nyumbani aulizwe kwanza, na akisema zimeni, izimwe, na anayesambaza rekodi nje ya kesi afunguliwe mashtaka. Bado nataka kamera iingie na askari. Kati ya kuonekana bila mtandio na hakimu mmoja, na mwanangu kutolewa nje bila shahidi, najua nitakalolichagua, na kina mama niliozungumza nao wanalijua pia.

Vilevile kamera hizi zisigeuzwe kuwa daftari la waandamanaji. Baada ya Juni 2024, vijana waliosimama kupinga Mswada wa Fedha walianza kupotea mmoja mmoja. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji. Ukimpa kamera polisi bila kupiga marufuku programu za kutambua nyuso, umewapa watekaji orodha. Marufuku hiyo iwe ndani ya sheria hiihii, tusije tukaambiwa kanuni zitafuata.

Mtauliza, na wale waliokuja kuwachukua vijana kwa magari yenye namba za kubandika, nyuso zimefunikwa, bila sare, kamera itawafikiaje? Haitawafikia. Hilo sharti lipo tayari na halifuatwi: Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari mwenye sare aonyeshe wazi jina au namba yake, na Agosti 2024 Mahakama Kuu ililazimika kuagiza kwamba wanaosimamia maandamano watambulike na wasifunike nyuso. Kamera inasaidia kwa njia moja tu hapa: kukamata mtu bila kamera kukiwa kosa kisheria, yule anayekuja bila sare wala kamera hatakuwa na la kusema kwamba yuko kazini.

Nirudi kwa askari wenyewe, kwa sababu barua kama hizi huwageuza kuwa adui na mimi nimewasomesha wengine hesabu. Askari wa cheo cha chini analala nyumba ya mabati aliyogawana na mwenzake kwa pazia, analipwa mshahara ambao tume ya jaji mstaafu David Maraga ilisema wazi kwamba hautoshi, anatumwa kusimama mbele ya mawe kwa amri asiyoitoa. Kukiharibika, yeye ndiye anayepanda kizimbani. Kamera inarekodi na sauti: ile amri ya redio, nani kasema nini, saa ngapi. Nadhani hapo ndipo upinzani mkubwa utakapotoka, na si kwa konstebo. Nilimuuliza mmoja niliyemfundisha kama angekubali kuivaa. Alisema ataivaa kesho asubuhi, mradi na OCS wake, mkuu wa kituo, avae.

Pesa. Mwaka 2014 serikali ilipata shilingi bilioni 14.9 za mkataba na Safaricom uliojumuisha kamera 1,800 za kutuangalia sisi katika barabara za Nairobi na Mombasa. Hatukuambiwa wakati ule kwamba nchi ni maskini. Askari laki moja hawahitaji kuvalishwa kwa siku moja. Anzeni na GSU, kikosi cha kutuliza ghasia, na vikosi vingine vinavyotumwa kwenye maandamano, kisha doria za usiku, kisha trafiki, kisha vituo ambavyo IPOA inajua kwa majina kwamba vinaongoza kwa malalamiko. Tarehe ya kila kundi iandikwe.

Bwana Inspekta Jenerali, wewe huhitaji kungoja Bunge ili kuamuru rekodi zote za CCTV vituoni zipelekwe pia IPOA. Hilo laweza kuanza mwezi huu. Waziri, tunangoja tuone fungu hilo katika makadirio yajayo. Waheshimiwa wabunge, mswada huu unaweza kuletwa na yeyote kati yenu, wa upande wowote, na tutakuja kutoa maoni mkituita, hapa Mombasa ukumbi upo. Utakapochapishwa tutaufungua moja kwa moja kwenye ukurasa unaosema nani anashika rekodi, na tutaanza kuusoma kutoka hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, Kisauni, Mombasa